Je, Kazi Nazrul Islam alilishwa sumu? Na alikuwa mshairi wa nani?

SWALI: "Assalaam alaykum. Mimi ni mtu wa Unguja, nafanya kazi kwenye ghala hapa Maskati, na wenzangu wengi ni Wabangladeshi. Kila Ramadhani inapoisha wanapiga wimbo mmoja kwenye simu zao, mpaka sisi wengine tumeshika lahani yake. Wananiambia umetungwa na Kazi Nazrul Islam, mshairi wa taifa lao, Muislamu safi, ambaye Waingereza walimlisha sumu kwa ajili ya gazeti lake akawa bubu hadi kufa. Mmoja anaongeza kwamba hata Tagore, yule mshairi mkubwa wa Kibengali, alitia mkono kwa husuda, na kwamba ile tuzo yake ya Nobel ilikuwa haki ya Nazrul. Lakini tunaye mwenzetu mmoja Mhindu wa Kolkata. Yeye anacheka, anasema huyo huyo Nazrul ndiye aliyetunga nyimbo za Kali, mungu mama wa Wahindu, ambazo mama yake huziimba nyumbani. Mimi huandika makala na mashairi kidogo, na nataka kumtambulisha Nazrul kwa Waswahili. Niamini lipi? Na alikuwa mshairi hasa, au mwandishi wa habari aliyekuwa akitunga? Rafiki yangu anasema gazeti huua ushairi. Na hilo la sumu, kwetu mtu akipotewa na kauli ghafla tunajua pana mkono wa mtu."

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Maskati.

Umefanya la maana kuuliza kabla ya kuandika. Habari za Nazrul zimeingiliwa na uvumi kiasi kwamba Wabengali wenyewe hurushiana maneno juu yake. Nikikusoma vizuri, unachohofia ni kuandika makala itakayowapendeza wenzako wa upande mmoja na kuwaudhi wa upande wa pili, kisha juu ya hayo ukaonekana umebeba uzushi wa sumu. Nitaanza na la gazeti na ushairi, kwa kuwa ukishaliweka sawa hilo, la dini halitakusumbua sana. Sumu nitaifikia.

Ila la Nobel tulimalize hapa hapa. Tagore alipewa tuzo mwaka 1913. Nazrul alizaliwa Mei 1899, kwa hiyo mwaka huo alikuwa mvulana wa miaka 14 ambaye hajachapisha hata ubeti mmoja. Mwambie huyo bwana apige hesabu mwenyewe.

Alizaliwa Churulia, kijiji cha wilaya ya Burdwan, upande ambao leo ni West Bengal nchini India. Baba yake alikuwa imamu na mtunzaji wa msikiti na ziara ya pale kijijini. Alifariki 1908, na mtoto akaanza kujitafutia riziki mapema, akisomesha watoto chuoni na kuadhini msikitini. Nyumbani walimwita Dukhu Mia, bwana wa huzuni. Kisha akaingia kwenye leto, vikundi vya waigizaji na waimbaji waliozunguka vijijini wakitunga papo kwa papo na kujibizana kwa mashairi mbele ya watu. Leto haikuuliza kisa kimetoka dini gani: usiku mmoja mashujaa wa Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindu, usiku mwingine wafalme wa Kiislamu, na watazamaji ni wale wale, wamekaa chini wanasubiri. Hapo ndipo alipojifunza kazi yake. Baadaye alifanya kazi kwenye duka la mikate Asansol, akarudi shule, na 1917 akaiacha na kujiunga na jeshi la Waingereza, Kikosi cha 49 cha Wabengali. Walimpeleka Karachi. Vita hakuviona kwa macho, lakini alipanda cheo hadi kuwa havildar, yaani sajini, akajifunza Kiajemi kwa maulvi (mwalimu wa dini) mmoja wa Kipunjabi aliyekuwa kikosini, akamsoma Hafiz, mshairi wa Uajemi, na akawa anatuma hadithi na mashairi Calcutta, Kolkata ya leo, kwa posta. Ya kwanza yalichapishwa 1919.

Kikosi kikavunjwa 1920. Kijana wa miaka 20, hana kazi, akakaa Calcutta na Muzaffar Ahmad, mtu aliyekuja kuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha Kikomunisti nchini India. Julai mwaka ule wakaanzisha pamoja gazeti la jioni la kila siku, Nabajug, Zama Mpya, kwa fedha za mwanasheria na mwanasiasa A. K. Fazlul Huq. Zingatia huo mpangilio: Nazrul aliingia chumba cha habari kabla hajatoa kitabu chochote cha mashairi. Anayemweleza kuwa mshairi mkubwa aliyejitia kwenye magazeti kwa bahati mbaya ameanza hadithi mkiani.

Muzaffar Ahmad ameacha kumbukumbu za siku zile, na mimi hupenda hasa anapoeleza vichwa vya habari. Habari ndefu za mashirika ya habari ya nje Nazrul alizikata zikawa mistari michache, kisha juu yake akaweka kichwa kilichochukuliwa kwenye nyimbo ambazo kila Mbengali anazijua. Kulikuwa na habari za Mfalme Faisal, wakati mataifa makubwa yanagawana nchi za Waarabu. Tagore ana wimbo unaosema usiku huu wa tufani waja kukutana nami, rafiki wa roho yangu. Nazrul akauchukua vile ulivyo, akaondoa "rafiki" akapachika "Faisal". Msomaji alicheka kabla hajasoma habari, na aliposoma, kicheko kikamkwama. Huyo ni mhariri au mshairi? Amua wewe.

Serikali haikucheka. Makala zake za Nabajug, mojawapo ikiuliza nani wa kubeba dhima ya damu ya muhajirina waliohama India mwaka ule kwenda Afghanistan, zilisababisha itaifishwe amana ya fedha ambayo gazeti liliiweka serikalini. Makala hizo zilipokusanywa kuwa kitabu, Yugbani, nacho kikapigwa marufuku 1922. Kilikuwa cha kwanza. Kabla utawala ule haujaondoka, vitabu vyake vitano vilikuwa vimepigwa marufuku.

Halafu Bidrohi, "Mwasi", shairi ambalo wenzako bila shaka wanaweza kukusomea kwa moyo. Aliliandika usiku mmoja wa mwisho wa Desemba 1921, katika chumba cha kupanga namba 3/4C Taltala Lane, Calcutta, Muzaffar akiwa amelala chumba hicho hicho. Aliliandika kwa penseli. Kalamu waliyokuwa nayo ilikuwa ya kuchovya wino, na mkono usingeweza kuchovya na huku unafukuzana na kichwa. Asubuhi akamsomea mwenzake, ambaye kwa tabia yake hakuonyesha shangwe, jambo lililomvunja moyo mtunzi. Tarehe 6 Januari 1922 gazeti la wiki la Bijli likalitoa, na watu wakaligombania hadi toleo likapigwa chapa tena. Angalia lilitokea wapi: kwenye gazeti. Lilisomwa vibarazani na kwenye vibanda vya chai kabla halijaingia kitabuni.

Wewe unayetunga utapenda kujua limejengwaje. Si utenzi wa vina vya kudumu. Lina mizani ya mafungu ya sita sita, lakini urefu wa mstari haukai mahali pamoja: mmoja una neno moja au mawili, unaofuata unakwenda mpaka pumzi iishe. Juu ya mizani hiyo limepangwa "mimi ni, mimi ni" mara kwa mara, na kila "mimi" inaruka kwenda kwingine. Mimi ni kishindo cha baragumu la Israfili. Mimi ni Shiva, mungu wa Wahindu, anayecheza ngoma ya kuangamiza. Kipando changu ni Buraka, na pia ni farasi wa mungu Indra. Yuko mahali anapaa akipasua Arshi ya Mwenyezi, na mahali pengine anakanyaga kifua cha mungu Vishnu. Masheikh walikasirika, makuhani walikasirika, na vijana wa pande zote mbili wakalihifadhi.

Miezi saba baadaye, Agosti 1922, akaanzisha gazeti lake mwenyewe, Dhumketu, Nyota yenye Mkia, likitoka mara mbili kwa wiki. Hakujiandika mhariri, alijiandika "mwendesha gari la vita". Na hapa ndipo pa kumjibu yule bwana wa husuda: aliyetuma dua ya kulifungulia gazeti hilo ni Tagore. Aliandika mistari michache ya kuikaribisha nyota ile ije ijenge daraja la moto juu ya giza, na Nazrul akaiweka kwenye matoleo yake. Tarehe 13 Oktoba 1922 Dhumketu ikatamka wazi kwamba inataka uhuru kamili wa India, si madaraka ya nusunusu. Chama cha Congress, kilichoongoza harakati za uhuru, kilikuja kupitisha azimio kama hilo mwishoni mwa 1929. Ila usije ukaandika kwamba Nazrul alikuwa wa kwanza kabisa kulisema. Mshairi na mwanasiasa Hasrat Mohani alikwishalitamka kwenye mkutano wa Congress wa Ahmedabad mwaka mmoja kabla.

Kilichompeleka jela hakikuwa tahariri. Kilikuwa shairi. Tarehe 26 Septemba 1922, msimu wa sikukuu ya Durga unakaribia, Dhumketu ilichapa shairi linalomhutubia huyo mungu mama wa Wahindu: utajificha mpaka lini nyuma ya sanamu ya udongo? Watoto wako wanachapwa viboko, vijana mashujaa wananyongwa, nawe utakuja lini? Kila msomaji alijua nani anayechapa viboko na nani anayenyonga. Polisi walipekua ofisi Novemba, na yeye wakamkamatia Comilla, mashariki ya Bengali. Fikiri kidogo: mtoto wa imamu, aliyewahi kuadhini, anafungwa na Waingereza kwa shairi la Durga. Hapo wenzako wote wawili wamo ndani ya mashtaka mamoja.

Utetezi wake aliuandika mahabusu mnamo tarehe 7 Januari 1923, na mimi huuhesabu kuwa nathari yake bora. Anasema ameshtakiwa kwa kumuasi mfalme: upande mmoja taji, upande mwingine mwale wa Dhumketu. Ndani yake mna mzaha ambao wengi huupita bila kuuona. Hakimu, Mwingereza aliyeitwa Swinhoe, alikuwa na sifa ya kutunga mashairi, na Nazrul akaandika kwamba amesikia hakimu wake ni mshairi naye amefurahi, mshairi mwasi anahukumiwa na mshairi hakimu. Mshairi hakimu akampa mwaka mmoja na kazi ngumu.

Aprili 1923, katika jela ya Hooghly, alianza mgomo wa kula kupinga mateso ya wafungwa, ukafika karibu siku 40. Tagore, ambaye mwaka huo alikuwa amemtabarukia mchezo wake wa Basanta hali yuko kifungoni, akampelekea simu ya maandishi: acha mgomo, fasihi yetu inakudai. Aliielekeza kwenye jela ya Calcutta, na wakubwa wa jela wakairudisha wakisema mtu huyo hayupo. Husuda ya namna hii, ndugu yangu, mimi ningeiombea.

Basi, gazeti huua ushairi? Rafiki yako hana kosa zima. Tagore mwenyewe alimwonya Nazrul kwamba ameanza kunyoa ndevu kwa upanga, na Nazrul hakuificha kauli hiyo, aliitia ndani ya shairi lake Amar Kaifiyat, "Maelezo Yangu", lililomo katika diwani ya 1926. Humo anaorodhesha lawama zote alizotupiwa: Wahindu wanamwona Muislamu mwenye maneno ya Kiajemi, masheikh wanamwona kafiri anayetaja miungu, wafuasi wa Gandhi wanamwona mtu wa bunduki, watu wa bunduki wanamwona mtu wa kusokota pamba kama Gandhi, na yuko anayesema heri ulipokuwa jela, uliandika vizuri zaidi. Jibu lake ni hili: mimi ni mshairi wa leo, si nabii wa kesho. Kisha anateremka na mstari ambao mimi siuoni kama umechakaa: mtoto mwenye njaa hataki uhuru wa kujitawala, anataka wali kidogo na chumvi kidogo.

Hukumu yangu ndiyo hii. Mengi aliyoyaandika kwa haraka yalikufa na wiki yake. Anajirudia, anapiga kelele pale ambapo sauti ya chini ingetosha, na diwani zake zikisomwa mfululizo zinachosha. Hayo yaseme kwenye makala yako bila woga. Lakini yale yaliyobaki hai yalibaki kwa sababu ile ile, yaliandikwa kwa mtu aliyekuwa akingoja jioni ile ile. Mashairi yake ya usawa wa watu yalitoka Desemba 1925 katika toleo la kwanza la Langal, Plau, gazeti la chama cha wakulima na wafanyakazi. Katika moja, maskini mwenye njaa anafukuzwa hekaluni, kisha msafiri mwingine mwenye njaa anakwenda msikitini ambako nyama na mikate imebaki tele. Mulla anamuuliza, unasali wewe? Anajibu hapana. Mulla anafunga mlango na kitoweo ndani. Yule mzee anaondoka akimwambia Mola wake: miaka 80 sikukuita, nawe hukuninyima chakula hata siku moja. Mshairi wa barazani angelipamba. Mwandishi wa habari alilisimulia likasimama lenyewe.

Tuje kwenye dini. Wenzako wote wanasema kweli, na kosa la kila mmoja ni kudhani ukweli wa mwenzake ni matusi. Nazrul alizaliwa Muislamu, akaishi na jina hilo, akatunga kaswida na nyimbo za Kiislamu ambazo Kibengali hakikuwa nazo kwa wingi namna ile, na akaifasiri juzuu ya mwisho ya Qur'ani kwa mashairi, kitabu kilichotoka 1933. Aprili 1924 alimwoa Pramila, binti wa familia ya Kihindu, bila kumtaka asilimu, na mama mkwe akawa anaishi nao. Mtoto wao wa kwanza walimwita Krishna Muhammad. Alitunga nyimbo nyingi sana za Kali, na mama wa mwenzako wa Kolkata ana haki ya kuziimba. Baada ya mwanawe Bulbul kufa kwa ndui mwaka 1930, alitafuta faraja hata kwa mwalimu wa yoga. Aprili 1926 Wahindu na Waislamu walipouana Calcutta, aliandika wimbo wa kumwonya nahodha wa jahazi linalozama: usiulize hawa ni Wahindu au Waislamu, sema wanaozama ni watu, wana wa mama yangu. Na aliwahi kusema hadharani kwamba wako wanaomwita kafiri na wako wanaomwita mgeni wa dini, naye si hiki wala kile, alichojaribu ni kuwaleta hawa wawili mahali pamoja wapeane mikono.

Kwa hiyo katika makala yako usimwite "mshairi wa Kiislamu" peke yake, wala usimfanye mtu asiye na dini. Andika aliyoyafanya, kwa tarehe. Bangladesh inamheshimu kama mshairi wa taifa. India ilimpa nishani ya Padma Bhushan 1960, na uwanja wa ndege ulio karibu na kwao, pale Andal, una jina lake. Nchi mbili zinamgombea mtu mmoja.

Na ule wimbo wa simu za wenzako una kisa kizuri. Kuanzia 1928 Nazrul alifanya kazi na kampuni ya santuri ya HMV Calcutta. (Mwaka huo huo Siti binti Saad alivuka kwenda Bombay kurekodi na kampuni hiyo hiyo, na kama ningekuwa wewe, Mzanzibari, nisingeacha kulitaja hilo.) Mwimbaji Abbasuddin Ahmed akamwomba atunge nyimbo za Kiislamu. Msimamizi wa mazoezi wa kampuni alikataa, akiamini Waislamu hawatanunua. Baada ya kubembelezwa sana akakubali. Abbasuddin anasimulia kwamba alimpelekea Nazrul tambuu na chai, akafunga mlango, na baada ya kama nusu saa wimbo ukawa tayari: ewe moyo, mwisho wa saumu ya Ramadhani Idi ya furaha imekuja. Ulitoka kwenye santuri kwa Idi ya mwanzoni mwa 1932, na msimamizi akaona alivyokosea. Kazi ya kuwahi muda na wasikilizaji wanaosubiri, ile ile ya leto na ya gazeti. Nyimbo zake zinahesabiwa kwa maelfu.

Sasa sumu. Mnamo Julai 1942, akiwa na miaka 43, ulimi wake ulianza kuwa mzito, na katika muda mfupi akapoteza kauli na kumbukumbu. Aliishi miaka mingine 34 katika hali hiyo. Kwa nini watu wakasema sumu? Kwa sababu alikuwa amefungwa na Waingereza, amepigiwa marufuku vitabu, na mtu wa moto kama yule kunyamaza ghafla hakuingii akilini. Ninaelewa. Ila pima na wakati. Kesi ya Dhumketu ilikuwa imepita miaka 20. Mwaka 1942 alikuwa mhariri mkuu wa Nabajug iliyofufuliwa, mali ya Fazlul Huq, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa Bengali. Na Tagore, anayesingiziwa husuda, alikuwa amekufa tangu Agosti 1941. Nazrul ndiye aliyetunga shairi la maombolezo na kulisoma redioni.

Miaka ilipotea kwenye tiba za kila aina. Pramila mwenyewe alikuwa amepooza tangu mwisho wa miaka ya 1930, na alimhudumia mumewe akiwa kitandani. Mwaka 1952 Nazrul alipelekwa hospitali ya akili ya Ranchi, na 1953 wapenzi wake wakachanga fedha akapelekwa London, kisha Vienna. Desemba 1953 daktari Hans Hoff wa Vienna, baada ya kumpiga picha za mishipa ya ubongo, akasema ni ugonjwa wa Pick, usio na tiba, na umeshakwenda mbali.

Ugonjwa huo husinyaza sehemu za ubongo za mbele na za pembeni. Za mbele ndizo zinazotuwezesha kuanza jambo, kujizuia na kupima. Za pembeni, usawa wa masikio, ndimo maneno na maana zake zinamokaa. Mwili unaweza kubaki na afya, mtu akatembea na kula, lakini lugha inatoka mkononi mwake. Mara nyingi huanza kabla ya uzee, polepole, na jamaa huona ni ukali, huzuni au ukaidi, mpaka siku moja wanashtuka wanasema "ghafla". Miaka 34 ni mingi kuliko kawaida ya ugonjwa wa aina hiyo, kwa hiyo andika "madaktari wa Vienna walisema ni ugonjwa wa Pick", usiandike kana kwamba ulimpima wewe. Lakini sumu haina ushahidi wowote, na makala yako isiipe nafasi zaidi ya sentensi ya kuikanusha.

Kuhusu ule mkono wa mtu, hapo nitatoka kidogo kwenye fasihi. Mimi si daktari. Ila mtu akipotewa na kauli kwa ghafla kweli, uso ukapinda au mkono ukalegea, hicho huenda ni kiharusi, na apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, si kesho. Na kama nyumbani kuna mtu mzima ambaye kwa miezi sasa anakosa majina ya vitu au tabia imembadilika, apelekwe kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Dua na kisomo havikatazi hospitali. Nazrul alizungushwa miaka 11 ndipo akapata jibu, na jibu lenyewe halikuwa na la kusaidia tena.

Mwaka 1972, Bangladesh changa iliomba aletwe Dhaka, akapokewa tarehe 24 Mei. Alipewa uraia 1976 na akafariki Agosti 29 mwaka huo. Upo wimbo wake unaosema, ndugu zangu nizikeni kando ya msikiti nipate kusikia adhana, basi walimzika kando ya msikiti wa Chuo Kikuu cha Dhaka.

Kwa kazi yako, nakushauri usianze na Bidrohi. Litakushinda, na si aibu, limewashinda wafasiri wenye Kibengali cha kuzaliwa nacho. Anza na lile la maskini aliyefungiwa mlango; kisa chake kinabeba lugha yoyote, na unaweza kulitia kwenye mizani ya kwetu bila kulivunja. Usitegemee tafsiri za Kiingereza peke yake, kwa sababu nyingi zinamlainisha. Keti na mwenzako Mbangladeshi mmoja, akusomee kwa sauti mstari kwa mstari, mrekodi, uliza kila neno. Utasikia maneno ya Kiarabu na Kiajemi unayoyajua tangu chuoni, na hapo usikimbilie kudhani umeelewa, maana mengine yamebadilika maana njiani. Taasisi ya Nazrul iliyopo Dhaka inachapisha kazi zake na nota za nyimbo, na kama mmoja wa wenzako anakwenda likizo, mtume akuletee. Rasimu ikishakamilika, mpe yule wa Kolkata aisome kabla hujaituma popote, na umuulize mama yake huimba wimbo gani wa Kali.